Hanoi: Mji Usiotupa Mbachao

Wahenga walinena: usitupe mbachao kwa msala upitao. Wenyeji wa Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, hawajapata kuisikia methali hiyo, lakini ni vigumu kupata mji mwingine unaoifuata kama wao. Daraja lao lilipopigwa mabomu, walilitia viraka likaendelea kuvusha watu. Bati la ndege zilizoangushwa walilichonga vitana. Matairi ya malori waliyakata yakawa viatu. Maziwa yalipoadimika, kiini cha yai kilishika mahali pake katika kikombe cha kahawa, na leo wageni hufunga safari kutoka pande zote za dunia kwenda kukinywa kikombe hicho.

Kwa mtu wa jeshi au wa polisi, pamoja na jamaa yake, Hanoi ni mji wa kutazamwa kwa makini. Wengi huujua kwa habari za vita tu. Afikaye leo hukuta mji wa mamilioni ya watu, wenye pikipiki zisizohesabika na harufu ya supu kila pembe. Kupigana ni kazi ngumu, lakini kuishi vema baada ya kupigana ni kazi ngumu zaidi, na hilo ndilo Hanoi inaloweza kumfundisha mgeni aliye tayari kutembea kwa miguu na kuketi juu ya kigoda.

UMRI WA MJI

Mji uliasisiwa mwaka 1010, mfalme Ly Thai To alipohamishia makao yake kando ya Mto Mwekundu na kuyaita Thang Long, yaani Joka Lipaalo. Jina la Hanoi lilitolewa mwaka 1831, na maana yake ni "ndani ya mto". Wafaransa waliufanya mji huo kuwa makao makuu ya koloni lao la Indochina mwaka 1902. Tarehe 2 Septemba 1945, Ho Chi Minh alisoma tangazo la uhuru katika Uwanja wa Ba Dinh, lakini Wafaransa hawakukubali kuondoka mpaka waliposhindwa huko Dien Bien Phu mwezi Mei 1954. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo jeshi la Vietnam liliingia Hanoi. Ikafuata vita na Marekani, hata Saigon ilipotwaliwa tarehe 30 Aprili 1975, na mwaka uliofuata Hanoi ikawa mji mkuu wa nchi moja iliyoungana.

KUFIKA NA KUJIANDAA

Msafiri atokaye Entebbe aghalabu hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai. Tangu tarehe 15 Agosti 2023, raia wa nchi zote huweza kuomba viza ya Vietnam kwa njia ya intaneti na kupewa ruhusa ya kukaa hadi siku 90. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahaulike nyumbani, kwa kuwa mtu atokaye katika nchi yenye ugonjwa huo huweza kutakiwa kukionyesha.

Uwanja wa ndege wa Noi Bai uko kaskazini ya mji, umbali wa kilomita zipatazo 30. Zipo teksi, na lipo basi namba 86 linalokwenda hadi stesheni ya reli kwa nauli ndogo kuliko ya teksi. Fedha ya nchi ni dong, na Mganda aliyezoea kuhesabu maelfu kwa maelfu hatababaishwa na wingi wa sifuri. Jambo moja tu litamponza: noti ya 20,000 na noti ya 500,000 zote zina rangi ya samawati. Mtu mwenye haraka, usiku, huweza kulipia bakuli moja ya supu kwa noti ya bakuli ishirini na tano. Yafaa noti hizo zitengwe katika mifuko miwili.

Majira mazuri kuliko yote ni kuanzia mwisho wa Septemba hadi Novemba, hewa ikiwa kavu na jua likiwa na adabu. Kuanzia Juni hadi Agosti joto ni kali na mvua ni nyingi. Kuanzia Desemba hadi Februari kuna baridi yenye unyevu, na hewa huweza kushuka hata karibu na nyuzi 10. Mtu wa Kabale hatatishika, lakini mtu wa Gulu na achukue sweta. Sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam, iitwayo Tet, huangukia kati ya mwisho wa Januari na siku za Februari. Ni sikukuu ya kurudi kwa wazazi, na katika siku zake za kwanza maduka mengi hufungwa. Mgeni asiyelijua hilo hulala njaa katika mji wa chakula.

KUVUKA BARABARA

Mtihani wa kwanza wa mgeni ni kuvuka barabara. Pikipiki ni mamilioni, nazo hupita kama nyuki waliochokozwa. Anayengoja msafara ukatike atangoja mpaka jua lichwe. Wenyeji huingia barabarani kwa hatua za taratibu zisizobadilika, mikono ikionekana, na pikipiki humpita mtu kushoto na kulia kama maji yapitavyo jiwe. Kosa kubwa ni kukimbia, kusimama ghafula, au kurudi nyuma, maana mwenye pikipiki amekwisha kukadiria mahali hatua ifuatayo itakapoangukia. Yafaa pia kukumbuka kwamba katika Vietnam vyombo hupita upande wa kulia, hivyo anayetoka Uganda hana budi kutazama kushoto kwanza. Magari makubwa hayana wepesi wa pikipiki, hayo yapishwe.

Asiyetaka kutembea atapanda xe om. Neno xe ni chombo cha kusafiria, na om ni kukumbatia. Kwa hiyo ni chombo cha kukumbatia, na abiria wa bodaboda atalielewa jina hilo bila mkalimani. Siku hizi wengi huitwa kwa programu za simu, ambazo huonyesha nauli kabla ya safari na kuondoa mabishano. Sheria ya helmeti ilianza kushika barabara zote tarehe 15 Desemba 2007, na kuanzia Januari 2020 dereva akutwaye na pombe, hata kidogo namna gani, huadhibiwa. Askari wa barabarani wa nchi nyingi wangependa kuona jinsi sheria ya helmeti ilivyoubadili mji mzima kwa muda mfupi.

Kadhalika mji umejenga treni ziendazo juu ya nguzo. Njia ya kwanza, kati ya Cat Linh na Ha Dong, ina urefu wa kilomita 13 na vituo 12, nayo ilifunguliwa tarehe 6 Novemba 2021. Ya pili, kutoka Nhon, ilifungua sehemu yake ya juu yenye vituo 8 mwezi Agosti 2024. Sababu mojawapo ya juhudi hizo ni moshi. Hewa ya Hanoi katika miezi ya baridi huwa nzito, na mwenye pumu achukue dawa zake. Mwezi Julai 2025 Waziri Mkuu alitoa agizo lililoutaka mji uziondoe pikipiki za petroli katika eneo la ndani kabisa la mji kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Agizo hilo lilizua mjadala mkubwa, kwa kuwa pikipiki ni miguu ya maskini: ndiyo ipelekayo mboga sokoni, mtoto shuleni na mgonjwa hospitali.

DARAJA LENYE VIRAKA

Kitu kimoja kikiulizwa, mtu aone nini akiwa na nusu siku tu, jibu ni daraja la Long Bien. Wafaransa walilijenga kati ya mwaka 1899 na 1902 kwa mikono ya maelfu ya vibarua wa Kivietnam, wakalipa jina la gavana wao, Paul Doumer. Lina urefu wa kilomita moja na mita mia sita na zaidi, nalo lilikuwa na mapaa kumi na tisa ya chuma yaliyopandana kama mgongo wa joka. Katika vita, reli zote za kutoka bandari ya Haiphong na mpaka wa Uchina zilipita juu yake, kwa hiyo ndege za Marekani zililipiga tangu mwaka 1967, na tena mwaka 1972. Kila lilipokatwa liliungwa upya, na hata lilipokuwa limekatika, mashua na madaraja ya kuelea yaliendelea kuvusha mizigo.

Atembeaye juu yake leo huisoma historia kwa macho. Mapaa marefu ya kale yamesalia sehemu za pembeni; katikati kuna vipande vifupi, vya chini, visivyo na urembo, vilivyowekwa ili daraja lipitike. Hakuna aliyejaribu kuvificha viraka hivyo. Treni hupita katikati, pikipiki, baiskeli na waendao kwa miguu pembeni, magari hayaruhusiwi. Tena hapa, tofauti na barabara zote za nchi, vyombo hupita upande wa kushoto, hivyo Mganda hujiona yuko kwao kwa mwendo wa kilomita moja na nusu. Chini yake, katikati ya mto, kuna kisiwa cha mchanga chenye mashamba ya ndizi na mboga, na harufu ya migomba baada ya mvua ni ile ile.

CHAKULA CHA VIGODANI

Chakula cha Hanoi hakikai ndani. Kimetoka ukingoni mwa barabara. Vigoda vya plastiki, vifupi kama vya watoto wa shule ya vidudu, hupangwa mbele ya mlango, jiko la mkaa huwashwa, na hoteli imekwisha kufunguliwa. Mpishi mmoja aghalabu hupika chakula kimoja tu, nacho amekipika tangu enzi ya mama yake. Mahali palipojaa wenyeji ndipo pa kuketi, kwa kuwa chakula hakilali na vyombo havipoi.

Cha kwanza ni pho, supu ya asubuhi. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa saa nyingi kwa moto mdogo, pamoja na mdalasini, kiungo chenye umbo la nyota, tangawizi na vitunguu. Siri yake ni kwamba tangawizi na vitunguu hubanikwa kwanza juu ya makaa mpaka maganda yaungue, ndipo yakwanguliwe na kutiwa chunguni. Hapo mchuzi hupata rangi ya dhahabu na harufu ya moshi mtamu. Povu huondolewa kila linapopanda, la sivyo mchuzi huchafuka. Katika bakuli huwekwa tambi za mchele, vipande vyembamba vya nyama, na majani ya kitunguu, kisha mchuzi unaotokota humiminwa juu. Pilipili na ndimu hukaa pembeni, hivyo hata mtoto mdogo hula bila kulia. Mama wa nyumbani aliye na mifupa, mkaa na subira anaweza kuipika supu ya namna hiyo popote, hata akikosa kile kiungo cha nyota.

Supu hiyo nayo ilipita vitani. Nyama ilipokosekana, watu walikula mchuzi na tambi tupu, wakaiita "pho isiyo na rubani", kwa mfano wa zile ndege za upelelezi za Marekani zilizoruka bila mtu ndani. Utani huo ulidumu hata baada ya amani, kwa sababu njaa haikuondoka na mabomu. Mpaka mageuzi ya uchumi ya Desemba 1986, yaitwayo Doi Moi, mchele, nyama na mafuta vilipatikana kwa kuponi. Foleni zilianza kabla ya alfajiri, na mtu aliyekuwa na kazi nyingine aliweka tofali mahali pake; jirani waliliheshimu tofali hilo kana kwamba ni mtu. Wazee wa Hanoi hulisimulia jambo hilo kwa kucheka, lakini hawaachi punje katika bakuli.

Adhuhuri ni zamu ya bun cha: nyama ya nguruwe iliyobanikwa kwa mkaa, ikaliwa na tambi nyeupe, majani mabichi na mchuzi wa siki, sukari na maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi. Mwezi Mei 2016, Barack Obama, Rais wa Marekani wakati huo, aliketi katika kigoda cha plastiki cha hoteli moja ya kawaida mjini humo akala chakula hicho pamoja na mpishi Anthony Bourdain. Wenye hoteli waliihifadhi meza ile ndani ya kioo. Miaka 44 kabla yake, mji huo huo ulikuwa ukitafutwa na ndege za nchi ya mgeni huyo.

Asiyekula nguruwe asikate tamaa. Kipo cha ca, samaki akaangwaye mezani kwa manjano na majani ya harufu, chenye sifa kubwa hata mtaa mmoja ukaitwa kwa jina lake. Upo wali wa kunata uuzwao asubuhi ndani ya jani, na upo mkate mrefu ulioachwa na Wafaransa, ambao Wavietnam waliupasua na kuujaza mayai, nyama na kachumbari, kama vile vijana wa Kampala walivyoichukua chapati ya Kihindi wakaizungushia mayai ikawa rolex. Mwislamu aulize kwanza, kwa kuwa mafuta ya nguruwe hutumika sana. Msikiti wa Al-Noor uko katika mtaa wa Hang Luoc, nao ulijengwa na wafanyabiashara kutoka India katika karne ya kumi na tisa. Mkatoliki ataliona kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililomalizika mwaka 1886, karibu na ziwa la katikati ya mji.

KAHAWA YA YAI

Mwaka 1946, vita na Wafaransa vikipamba moto, maziwa yaliadimika Hanoi. Nguyen Van Giang, aliyekuwa akihudumu katika hoteli ya Metropole, alipiga kiini cha yai na sukari mpaka kikafura kama povu, akakiweka juu ya kahawa nzito. Jamaa yake bado huiuza kahawa hiyo. Kikombe huwekwa ndani ya bakuli ya maji ya moto kisipoe, na mnywaji hutumia kijiko kwanza.

Kahawa inayotumika zaidi ni robusta, ambayo Vietnam ndiyo inayoizalisha kwa wingi kuliko nchi yoyote duniani. Mmea huo si wa Asia. Asili yake ni misitu ya Afrika, na katika msitu wa Kibale, magharibi ya Uganda, ungali unaota wenyewe porini. Mwanafunzi amempita mwalimu wake. Zaidi ya hayo, Mvietnam hunywa alichopanda: asubuhi mzee huketi ukingoni mwa barabara, kichujio kidogo cha bati kikidondosha tone baada ya tone juu ya maziwa mazito ya kopo, naye hana haraka.

PALIPOKUWA NA MAHANDAKI

Ukingo huo wa barabara wenye vigoda na kahawa una habari nyingine. Katika miaka ya mabomu, ulichimbwa mashimo yaliyojengewa mitungi ya saruji yenye vifuniko, kila mmoja wa kumtosha mtu mmoja. King'ora kilipolia, kila aliyekuwa njiani aliingia katika shimo lililokuwa karibu naye na kujifunika. Watu wanapoketi sasa wakinywa chai, ndipo baba zao walipochuchumaa gizani wakihesabu milipuko.

Kuanzia tarehe 18 hadi 29 Desemba 1972, ndege kubwa za B-52 ziliupiga mji na vitongoji vyake usiku baada ya usiku, isipokuwa sikukuu ya Krismasi. Usiku wa tarehe 26 mtaa wa Kham Thien, mtaa wa kawaida wa wachuuzi na wafanyakazi wa reli, uliangushwa, na watu zaidi ya 200 wakafa. Hapo leo pana sanamu ya mama aliyembeba mtoto aliyekufa, ndani ya ua mdogo kati ya maduka ya nguo. Haina kiingilio wala kelele. Katika mtaa wa Ngoc Ha, mabaki ya B-52 iliyoanguka yangali katika kidimbwi cha Huu Tiep, na nyumba zimelizunguka bwawa lenyewe, watoto wakipita kando yake kwenda shule.

Askari atapenda kuiona Makumbusho ya Historia ya Jeshi, iliyohamia katika jengo jipya magharibi ya mji na kufunguliwa mwezi Novemba 2024. Imo ndege ya MiG-21, na kimo kifaru namba 843, mojawapo ya vifaru viwili vya kwanza kufika langoni mwa Ikulu ya Saigon. Katikati ya mji ipo gereza la Hoa Lo, lililojengwa na Wafaransa mwaka 1896 kwa ajili ya wapigania uhuru; mashine yao ya kukatia vichwa ingali imesimama. Baadaye marubani wa Marekani walifungwa humo. Mmoja wao, John McCain, aliangukia ziwa la Truc Bach mwezi Oktoba 1967, akarudi miaka mingi baadaye akiwa seneta, na akawa miongoni mwa waliosukuma uhusiano wa nchi hizo mbili urejeshwe mwaka 1995.

Nyuma ya Ikulu ipo nyumba ya mbao juu ya nguzo, ambamo Ho Chi Minh aliishi tangu mwaka 1958 badala ya kulala katika jumba la gavana wa Kifaransa. Viatu vyake vya tairi, ndugu wa zile lugabire za Uganda, vimekuwa sehemu ya sifa yake. Kaburi lake lililo jirani hufunguliwa asubuhi tu, nalo hufungwa kwa muda kila mwaka kwa matengenezo. Aingiaye afunike mabega na magoti, avue kofia, asiseme wala kupiga picha.

MAJINA JUU YA KOBE

Isidhaniwe kwamba Hanoi huwakumbuka watu wa vita peke yao. Hekalu la Elimu, lililojengwa mwaka 1070 na kuongezewa chuo mwaka 1076, lina mawe 82 yaliyobebwa mgongoni na kobe wa mawe. Juu yake yamechongwa majina ya waliofaulu mitihani mikuu ya dola kati ya mwaka 1442 na 1779, pamoja na vijiji walikotoka. Wanafunzi walikuwa wakiwapapasa kobe hao vichwa kabla ya mtihani ili wapate bahati, hata ikabidi wawekewe uzio wasilike. Mzazi mwenye watoto na awafikishe hapo kabla ya mahali pengine.

Katikati ya mji lipo ziwa la Hoan Kiem, yaani Ziwa la Upanga Uliorudishwa. Hadithi husema kwamba mfalme Le Loi alipewa upanga wa muujiza, akawafukuza Wachina wa enzi ya Ming, na vita vilipokwisha kobe akatokea majini kuudai, naye akaurudisha. Kobe mkubwa wa mwisho wa ziwa hilo alikufa mwezi Januari 2016, na mji ukamlilia. Ni hadithi ya kutafakariwa na kila mshika silaha: upanga ulitolewa kwa kazi, na kazi ilipokwisha ulirejeshwa. Mwisho wa juma barabara za kuzunguka ziwa hufungwa kwa magari, na jamaa nzima nzima hutoka kutembea, babu wakicheza sataranji na watoto wakipuliza mapovu ya sabuni.

LITAKALOSALIA

Yote hayo hayana hakika ya kudumu. Daraja la Long Bien limechoka, na wakuu wamejadili mara nyingi la kufanya nalo. Vigoda vya kandokando hufukuzwa mara kwa mara, kwa kuwa waendao kwa miguu nao wana haki ya kupita; polisi huvichukua asubuhi, na jioni vingine vimekwisha kupangwa. Askari na mpishi wote wawili wanatimiza wajibu wao, na si rahisi kusema nani ana makosa. Mji unaotajirika huanza kuionea haya mikeka yake ya zamani, na Hanoi inatajirika kwa haraka.

Wengi wa wasomaji hawataiona Hanoi. Nauli ni kubwa na likizo ni fupi. Lakini mifupa ya supu iko buchani, na makaa ya kubanikia tangawizi yako jikoni. Kila kambi ina wazee wanaoyakumbuka majina ambayo hayajaandikwa juu ya jiwe lolote, nao hawatangoja milele kuulizwa. Na huko Masaka robusta inaanikwa juani uani, ikingoja lori la kuipeleka nje ya nchi, ilhali wengi wa wanaoianika hawajapata kuionja. Kikombe cha kwanza na kibaki nyumbani.